Mdudu wa Miguu Minane

Shule yetu ina kipimajoto kimoja. Kinakaa kwenye kabati la vioo nyuma ya kiti cha prefe, pamoja na hadubini isiyo na lenzi, chupa sita za kemia na mkono wa mifupa ya plastiki uliopotelewa na kidole gumba. Kabati lina kufuli. Ufunguo uko kwenye mfuko wa shati la prefe, na prefe ndiye mkuu wa shule, kwa hiyo huupati bila kusimama mbele ya meza yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku mkaguzi anapokuja, vitu vyote vinatolewa, vinafutwa vumbi, vinapangwa juu ya kitambaa cheupe. Mkaguzi anatikisa kichwa, anaandika kidogo, anakunywa soda yake. Akishaondoka vinarudi ndani na kufuli linalia kle! Nimefundisha biolojia pale miaka mingi sasa, na kila nikisikia kle ile damu inanichemka.

Prefe huyo ndiye aliyenifundisha biolojia mimi mwenyewe, nilipokuwa msichana katika shule hiyohiyo, hapa commune ya Kisangani, mtaa wa jiji lenye jina hilohilo. Zamani alikuwa mwalimu tu, mwembamba, mwenye chaki kwenye nywele. Siku hizi ana kitambi na kiti kinachozunguka. Namheshimu. Namwita Papa Prefe kama watu wote. Lakini heshima haikunizuia kugombana naye karibu kila wiki, na sitajifanya kwamba nilikuwa nagombana kwa upole.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya TP, yaani kazi ya vitendo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa aende kwenye mto, apime joto la maji, kina na kasi yake, akamate wadudu wa majini, awachore, kisha aandike ripoti. Alama za TP hutolewa na prefe mwenyewe, hiyo ni sheria yake. Bila alama hiyo hasaini fomu ya mtihani wa taifa, na bila saini yake mwaka wako mzima umekwenda na maji.

Mwaka wa kwanza niliporudi pale kufundisha, niliomba kusoma ripoti za TP kabla hazijafika mezani kwake. Nikakaa nazo nyumbani Jumapili mchana, sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, kando. Ripoti ya kwanza: joto la maji, nyuzi kumi na mbili. Ya pili: nyuzi kumi na mbili. Ya tatu, ya nne, ya kumi, mpaka ya mwisho, kumi na mbili. Kumi na mbili, Kisangani! Hapa tunapotoka jasho tukiwa tumekaa, hata soda ya kwenye friji za sokoni haifiki huko. Na kila ripoti ilikuwa na mchoro wa mdudu yuleyule, mwenye mikia mitatu nyuma, kichwa kikubwa, na miguu minane. Nilihesabu tena kwa ncha ya uma. Minane, katika kila daftari. Na watoto hawa hawa walikuwa wameniandikia mtihani wiki iliyotangulia kwamba mdudu ana miguu sita.

Kesho yake niliingia darasani na rundo lile, nikalibwaga mezani hadi vumbi likaruka.

"Nani alienda ku mto?"

Wakainamia madawati yao.

"Hata mumoja?"

Nikachukua daftari moja, nikawaonyesha mchoro.

"Bon. Mutu wa kwanza mwenye alichora huyu mududu, mujinga wa kwanza kabisa, ni nani? Mimi nataka kumujua. Nataka nimuulize kama hakusoma kuhesabu!"

Walicheka, na mimi nikacheka kwa hasira. Kisha wakanieleza, bila aibu, jinsi kazi inavyofanyika. Kaka anampa mdogo wake daftari, mdogo anampa rafiki, rafiki anampa binamu. Daftari la kwanza kabisa, wanaloliita modeli, liko kwa prefe mwenyewe, ndani ya kabati. Halijatoka miaka mingi. Ndilo analotumia kusahihisha. Anaweka ripoti yako upande huu na modeli upande huu, anaangalia kama zinafanana.

Nilikwenda kulalamika siku hiyohiyo, nikatolewa ofisini kwa maneno matamu. Nikaenda tena mwaka uliofuata. Papa Prefe alinijibu kwamba mto uko mbali, kwamba mtumbwi ni hatari, kwamba kipimajoto kikivunjika kingine hakuna. Nilimwambia kipimajoto kisichopima ni kijiti cha kioo. Akaniambia, "Madame, doucement." Neno hilo doucement, pole pole, ndilo jibu la kila mtu mwenye ufunguo.

Aliyenisukuma mwisho wake ni msichana mmoja wa benchi la nyuma, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Anaishi Lubunga, ng'ambo, na kila asubuhi anavuka mto kwa mtumbwi kutoka beach, gati la mitumbwi, kuja shule, viatu mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipokuwa nikipiga kelele siku moja juu ya TP, aliinua mkono.

"Madame, kwetu kuko kamto. Haiko mbali na beach. Mama yangu analowekaka mihogo pale. Twende."

Basi nilikwenda kwa prefe nikamwambia naenda, na asiponipa kipimajoto nitapima joto la maji kwa kiwiko, kama mama anayeogesha mtoto, na nitaandika hivyo kwenye ripoti atakayosoma mkaguzi. Kisha akaniandikisha karatasi tatu, nikasaini zote, akafungua kufuli. Kipimajoto nilikiingiza ndani ya soksi ya mume wangu, soksi nikaitia kwenye chupa ya plastiki, nikaipakata mtumbwini mpaka ng'ambo.

Siku ile sitaisahau. Tulikuwa darasa zima, sare zimekunjwa mpaka magotini, na beseni jeupe, neti ya mbu iliyoshonwa kwenye waya, ndimu mbili na kamba. Kijito kile ni chembamba, maji yake ya rangi ya chai, kinapita chini ya michikichi na kuingia kwenye mto mkubwa. Tulitupa ndimu na kuhesabu sekunde ngapi inachukua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Vijana waliojifanya wakubwa walikuwa wakipiga mayowe kwa sababu ya kaa mdogo. Nikakitoa kipimajoto, nikakitia majini, nikangoja, nikakiinua juu nione vizuri.

"Ishirini na saba," nikasema.

"Madame," yule msichana alisema taratibu, "ukiitoa ku maji, inabadilika. Wacha ndani, tusome pale pale."

Alikuwa amepiga magoti, shavu lake karibu liguse maji. Akasoma ishirini na tano. Tukarudia mara tatu, kila mara ishirini na tano. Nilimpongeza kwa sauti kubwa ili nisione haya, tukaendelea.

Kisha wakatikisa mawe ndani ya beseni, na mdudu akatoka. Mdogo, bapa, rangi ya udongo, na nyuma yake mikia mitatu. Kelele gani! Wote walitaka kuona. Nikawaambia wahesabu miguu, wakahesabu pamoja kwa sauti kama watoto wa chekechea. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Basi. Mbavuni alikuwa na vitu vyembamba vinavyotikisika, si miguu, ni matamvua ya kupumulia. Msichana yule hakupiga kelele. Alichora tu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

Ni yeye pia aliyetaka tushuke chini zaidi, mpaka mahali mama yake na wamama wengine wameloweka mihogo. Harufu unaisikia kabla hujafika. Mihogo ilikuwa kwenye mashimo ya kijito, imefunikwa majani na mawe, siku ya tatu au ya nne. Mama yake alikuwapo, akatucheka tulivyolowa, akasogea tupite. Chini ya mashimo hayo tulitikisa mawe kumi, ishirini. Mdudu wa mikia mitatu hakuwapo hata mmoja. Minyoo myekundu tu, mingi, ikijikunjakunja kwenye tope. Niliwaeleza kwamba mihogo ikioza inamaliza hewa iliyo ndani ya maji, na mdudu yule hawezi kuishi bila hewa nyingi. Msichana akamtazama mama yake, akatazama beseni.

"Na batu wa chini kule, maji ya kunywa banachotaka wapi?" akauliza.

"Hapahapa," mama yake akajibu. "Tutaloweka wapi, mwanangu? Unipe pahali pengine."

Msichana aliandika maneno ya mama yake vilevile alivyoyasema.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba. Nilidhani nimeshinda. Wiki mbili baadaye ripoti zikaja, nikazifungua, na nikahisi mtu amenimwagia maji ya barafu, hayo hayo ya nyuzi kumi na mbili. Kumi na mbili! Miguu minane! Watoto waliokuwa wamesimama ndani ya kijito, waliohesabu pamoja nami mpaka sita, wameandika minane! Niliwakamata wawili kwenye korido, nikawafokea hadi walimu wengine wakatoka madarasani. Kijana mmoja alinijibu kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwelewesha bibi yake jinsi alama zinavyopatikana:

"Madame, ishirini na tano ile ni ya mto. Kumi na mbili njo ya points."

Ni msichana wa Lubunga peke yake aliyeandika ishirini na tano. Alichora miguu sita na matamvua mbavuni. Aliandika juu ya mihogo, juu ya minyoo myekundu, juu ya mama yake. Nilisoma ripoti ile nimesimama. Na prefe akampa sifuri.

Sifuri kwa wino mwekundu, na chini yake: *Matokeo ya kubuni. Anatukana wazazi.* Fomu za mtihani wa taifa zilikuwa zinapelekwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilimshika msichana mkono, tukaingia ofisini bila kubisha hodi. Nikasema yote. Nilimwambia Papa Prefe kwamba amempa sifuri mtu pekee katika shule nzima aliyefanya kazi. Nilimwambia mtoto huyu anataka kusomea kilimo, anataka kujua wamama waloweke mihogo wapi bila kuua maji, na yeye anamfungia mlango kwa sababu ya daftari la mjinga fulani asiyejua kuhesabu miguu ya mdudu. Nilipiga meza. Ndiyo, niliipiga, kalamu zikaruka.

Alitoa ufunguo mfukoni, akazungusha kiti chake, akafungua kabati. Akachukua daftari la jalada la kahawia, lililolainika pembeni kwa kushikwashikwa, akaliweka mbele yangu.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina langu.

Mwandiko ulikuwa wangu, ule wa usichana, herufi zimelala upande. Alama: kumi na nane juu ya ishirini. Nyuzi kumi na mbili. Na mdudu wangu, nimemchora kwa uangalifu mkubwa, nimempaka kivuli kwa penseli, na miguu yake minane.

Yote yakanirudia. Mwaka ule tulipaswa kwenda kwenye mto, mvua ikanyesha tangu alfajiri, na mwalimu wetu, huyu huyu aliyekaa mbele yangu, akasema andikeni hivyohivyo, nitasahihisha. Mjomba wangu, tonton wa upande wa mama, alikuwa na kitabu kikubwa cha Ulaya chenye picha. Nilinakili kutoka humo. Mto wa humo ulitoka kwenye milima yenye theluji. Picha ya mdudu ilikuwa ndogo, na tamvua moja la kila upande nililiona kuwa mguu. Nilipewa alama ya kwanza darasani, mama akanipikia kuku. Na nikasahau kabisa. Sema ukweli, mwanamke: hukusahau, hukutaka kukumbuka.

"Bon," Papa Prefe alisema. "Tuendelee kubishana?"

Alijua tangu mwanzo. Miaka yote ile nilipokuwa nikimtukana mjinga wa kwanza, prefe alikuwa amekaa na jina langu nyuma ya mgongo wake, ndani ya kufuli, akingoja siku ya kulihitaji. Hasira niliyokuwa nayo juu yake siwezi kuieleza. Na hasira juu yangu mwenyewe ilikuwa kubwa zaidi. Msichana alikuwa amesimama kando yangu, hajui lolote, akitazama daftari kwa kupinda shingo. Ningeweza kulifunga. Ningeweza kusema asante, nikamtoa mtoto nje, nikamwambia arudie mwaka.

Nikaligeuza daftari upande wake.

"Soma jina," nikamwambia.

Akasoma.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuenda ku mto. Nilibuni yote, na mwalimu wangu alijua nimebuni." Kisha nikamgeukia prefe. "Papa, nipe karatasi. Namwandikia mkaguzi barua sasa hivi. Nitamwekea daftari hili ndani, na diploma yangu juu yake. Tuone ni nani kati yetu sisi watatu aliyebuni matokeo."

"Unataka kujiharibia kazi?"

"Nataka karatasi."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Prefe alivuta ripoti ya msichana, akafuta ile sifuri, akaandika kumi na nane. Kumi na nane, kama yangu. Akasaini fomu yake bila kutuangalia.

Tulipofika uani msichana alisimama.

"Madame, siku ile ku kamto, wakati ulitoa kipimajoto ku maji... na wewe ilikuwa mara ya kwanza?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Hiyo ndiyo tabia yangu, nikiumia nafoka.

"Ndiyo," nikasema. "Mara ya kwanza."

Aliitikia kwa kichwa, akaniaga, akaenda beach kutafuta mtumbwi. Alifanya mtihani wake, akafaulu. Sasa yuko chuo kikuu, mwaka wa kwanza wa kilimo, na bado anavuka mto viatu mkononi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwaka huu TP ilipofika, nilikuwa nimelazwa na malaria, na prefe akaipanga peke yake. Nilipopona nilikuta ripoti mezani kwangu. Nikafungua ya kwanza: nyuzi ishirini na tano. Ya pili, ishirini na tano. Miguu sita, matamvua mbavuni, minyoo myekundu. Moyo ulianza kunidunda kwa furaha. Nikafungua ya tatu, nikafika ukurasa wa mwisho, na nikasoma: *Mama yangu analowekaka mihogo pale.* Nikarudi ya kwanza. *Mama yangu analowekaka mihogo pale.* Ya nne, ya tano, ya kumi, mpaka ya mwisho. Darasa zima mama zao wanaloweka mihogo Lubunga, kwenye shimo moja.

Nilimwita mwenye daftari la juu, kijana anayekaa njia ya Bangboka, baba yake anafanya kazi uwanja wa ndege.

"Mama yako analowekaka mihogo?"

"Hapana, Madame. Mama anauzishaka bitenge."

"Umeshavuka Lubunga?"

"Bado, Madame."

"Sasa juu ya nini uliandika vile?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, asijue kosa lake liko wapi.

"Njo yenye iko ku modeli, Madame. Ile mupya."

Nilikusanya madaftari yote, nikayaweka chini ya kwapa, nikaenda ofisini kwa prefe kudai ufunguo wa kabati lenye modeli na kipimajoto.